Mti Unaoota Majani Jioni

4 Mei

Mdogo wangu Wilbroad kapiga simu kutoka Dar nikiwa nafuta vumbi viti vya kukodisha vilivyorudi kutoka harusi ya mtaa wa Cheyo. Likizo ya mwezi wa sita wanakuja wote, yeye, mkewe Julieth na binti yao Recheli, na safari hii hawataki kukaa sebuleni kwangu mtaa wa Ng'ambo, hapa Tabora, wakitazama televisheni. Wanataka kupiga kambi. Nikamuuliza kambi gani, ya jeshi au ya wakimbizi? Akacheka. Kumbe Julieth ameona kwenye simu watu wamelala porini ndani ya hema lenye kitanda cha sita kwa sita, zulia na mataa ya rangi. Mambo hayo yana jina lake la Kizungu, lakini hata Wilbroad lilimkwama mdomoni.

"Dada, si wewe una maturubai?" akasema.

"Nina maturubai ya harusi na misiba. Shughuli ya kulala na fisi sijawahi kuipamba."

Mama alikuwa mlangoni anachambua karanga. Alingoja nikate simu.

"Kama ni kambi," akasema, "ipo ya baba yenu."

Nikadhani kamaliza. Akaongeza bila kuinua uso kwenye ungo, "Na mimi nitakwenda."

5 Mei

Jana niliandika nikalala bila kueleza, na Recheli akija kusoma haya siku moja atadhani bibi yake alisema jambo la kawaida. Si la kawaida. Kambi ya baba iko ndani ya msitu, mbele ya Sikonge, mahali ambapo wanaume wa ukoo wetu huenda kila msimu kurina asali. Baba yetu Tobias alikwenda huko tangu kijana mpaka mwaka aliofariki. Miaka yote hiyo Mama ndiye aliyemkaushia michembe ya viazi vitamu, akamtwangia unga, akamfungia mizigo, na aliporudi akachemsha nta na kuisafisha. Lakini kambi yenyewe hajaitia machoni. Mwanamke halali kambini. Ndivyo ilivyo kwetu, na sikuwahi kumsikia Mama akilalamika.

11 Mei

Nimempeleka Mama hospitali kwa ajili ya macho. Ni presha ya macho. Daktari, kijana mpole, alichora kwenye karatasi jinsi anavyoona sasa: duara dogo katikati, pembeni kote giza. Dawa ya matone itapunguza mwendo, alisema, lakini kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki hawezi kuahidi kitakaa muda gani. Mama alisikiliza kama anaelezwa habari za jirani.

Kwenye bajaji tukirudi ndipo aliposema. "Baba yenu alinisimulia kambi hiyo maisha yetu yote. Kuna njia ya wapagazi wa zamani iliyozama ardhini kwa kukanyagwa. Kuna mwamba mweupe wenye maji juu yake. Na kuna mti."

Habari za mti huo tulizisikia utotoni. Baba alituambia upo mti mkavu, uliokufa zamani, usio na hata jani moja. Lakini kila jioni unaota majani mabichi, mti mzima, na asubuhi ukiamka yamekwisha, wala chini huoni hata moja lililoanguka.

"Mama, ile si ilikuwa hadithi ya kutulaza?"

"Ndicho ninachotaka kukijua," akasema. "Nimeishi na mwanamume yule mpaka kufa kwake, na sijui kama alikuwa mwongo. Nataka nikaangalie wakati bado naweza kuangalia."



18 Mei

Nimekwenda Sikonge na Mustafa, dereva wa kenta yetu, ambaye pia ndiye anayesimamisha maturubai. Nilikwenda kuomba. Baba mdogo Emilian, mdogo wa marehemu baba, ndiye mkubwa wa kambi sasa. Tulimkuta uani anafunga mzinga, gome zima la mti limeviringishwa, analishona kwa vijiti.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Anataka kuja kambini."

Aliendelea kushona mpaka kijiti kikaisha. "Wilbroad aje, ni haki yake. Huyo mjukuu aje, nyuki hawana neno na mtoto. Ila mwanamke mtu mzima halali kambini. Akilala, nyuki wanahama."

"Uliwaona lini wakihama?"

"Sijawaona. Kwa sababu hajawahi kulala mwanamke."

Mtu akikujibu hivyo unamshika wapi? Nilimweleza habari za macho. Alisikitika, naona alisikitika kweli, maana aliacha kazi. Kisha akasema, "Hapo sasa umenipa mzigo," akaingia ndani akatuletea asali ya njiani. Njia nzima nilimsema. Mzee mkaidi, mwenye roho ya jiwe, na maneno mengine ambayo Mustafa alijifanya hayasikii kwa kuongeza sauti ya redio.

19 Mei

Mama aliuliza amesemaje. Nikasema anafikiria. Akasema, "Huyo hafikirii, huyo anaogopa." Sikumwelewa.

25 Mei

Baba mdogo kaja mjini kwa shughuli zake, akapita kutusalimu. Mama alimpikia ugali na uyoga kwa karanga, akamngoja ale, ndipo akaanza.

"Shemeji, bibi yake mama yangu alitoka hapa na msafara mpaka pwani. Chungu kichwani, mtoto mgongoni. Kila jioni alilala kambini na wanaume. Nyuki walihama?"

"Wale walikuwa wapagazi, shemeji. Hawakuwa warina asali."

"Walikuwa wanakula asali."

Mustafa, tuliyekuwa tunakula naye, alicheka mpaka akakohoa. Emilian hakucheka. Alifikiri muda mrefu, akifinyanga tonge bila kulila. Mwisho akasema kuna korongo kavu karibu na kambi. Ng'ambo ya korongo si kambi. Kama watu watasimamisha turubai huko, yeye hajaona kitu.

"Na mti?" Mama akauliza.

"Mti upi?"

"Unaujua."

Baba mdogo alilamba vidole akasema uyoga wa mwaka huu ni mtamu sana.

2 Juni

Julieth hapumziki. Leo kanitumia picha za mazulia, jana za vikombe. Nimemjibu kwamba Sikonge hakuna nyasi za kutembea peku kama za kwenye picha.

8 Juni

Nimechagua turubai dogo la bwana harusi na bibi harusi, lile lenye pazia la satini nyeupe ndani, linalokusanyika juu kwa ua kubwa. Kama ni kulala porini kifahari, basi tulale kifahari hasa. Mustafa anasema wachawi wa msituni watadhani tumewaletea mahari.

Nimerudi dukani jioni nikamkuta Mama amelishusha turubai lote, amekaa katikati ya satini, anasugua donge la nta kwenye mishono na kwenye kile kikunjo cha juu. Analitafuta kila pindo kwa vidole.

"Mama, hiyo nguo ni ya kazi! Nitaiwekaje kwenye harusi ikinuka mzinga?"

"Ni kwa ajili ya mvua," akasema. "Begi la baba yako nililipaka hivi hivi."

Nikaona ni mazoea ya mtu mzima, nikamwacha. Nitafua.

13 Juni

Kipupwe kimeingia. Mama anafunga michembe kwenye vifurushi, kama alivyomfungia baba.

20 Juni

Wamefika kwa treni, wamechoka, vumbi mpaka kwenye kope. Recheli ni mrefu kunipita begani. Julieth kaleta mahema mawili mapya, ya bluu iliyokolea, yanayofunguka yenyewe ukiyarusha. Aliyarusha uani kwangu na majirani wakapiga makofi. Kusema kweli nilimwonea wivu kidogo. Ila anajisikia huyu mtoto wa watu, na hajui hata kuwasha jiko la mkaa.

24 Juni

Naandika nimekaa juu ya ndoo, na sijui nianzie wapi.

Baba mdogo alitupokea kijijini, akapanda mbele na Mustafa kutuelekeza. Baada ya mashamba ya tumbaku barabara ikawa njia ya baiskeli, na baada ya hapo ikawa ni msitu tu. Mimi nimezaliwa Tabora, nimeiona miombo tangu nafungua macho, lakini niliiona kutoka barabarani, kama unavyoiona nyumba ya mtu kutoka nje. Leo tuliingia. Miti haina mwisho. Majani mengine yameshageuka rangi ya shaba, na jua likipita humo hata uso wa Mustafa ulionekana mzuri.

Kabla ya korongo Emilian alisimamisha gari, akatuonyesha. Ile njia. Ipo. Imezama ardhini mpaka magotini, laini kama sakafu, inakwenda moja kwa moja katikati ya miti na haijaota kitu. Wilbroad alisema pengine ni maji ya mvua yaliyochimba. Emilian akamwambia maji huwa yanakata kona.

Mama alishuka, akavua kandambili, akasimama ndani ya njia.

"La kwanza si uongo," akasema.

Kuna desturi moja. Ukifika unatua mizigo, na hakuna anayesema neno mpaka moto ushike. Baba mdogo alitupatia kuni, akavuka korongo kwenda kwenye kambi yake na vijana wake, akatuacha. Wilbroad ndiye aliyewasha, na alichelewa maana amezoea gesi. Tulikaa kimya. Sijui mara ya mwisho mimi kunyamaza kwa muda ule ni lini. Kwanza nilisikia masikio yangu yenyewe. Kisha ndege mmoja mbali, na mwingine akimjibu. Kisha kitu kama mngurumo mdogo, hauna upande, uko juu na chini na pembeni. Nilifikiri ni jenereta ya watu. Moto uliposhika Recheli alikuwa wa kwanza kusema, tena kwa kunong'ona.

"Shangazi, huo ni mlio wa nini?"

"Nyuki," akasema Mama. "Msitu mzima ni wao. Sisi tumepanga chumba."

25 Juni

Mahema ya bluu yamekwisha kazi. Asubuhi yalikuwa meusi kwa mbung'o. Mbung'o wanapenda bluu kuliko wanavyopenda ng'ombe, na mtu yeyote wa Sikonge angetuambia kama tungemuuliza. Mustafa kang'atwa mahali ambapo hawezi kunionyesha. Julieth ameyakunja mwenyewe bila kulalamika, akahamia na mwanawe kwenye turubai la harusi, na jioni nilimwona amechuchumaa kwenye moto anajifunza kwa Mama kuchemsha michembe. Nifute nilichoandika tarehe ishirini? Nitakiacha, ila haki yake nimempa.

Mama kakaa ukingoni mwa korongo mchana kutwa, ametazama ng'ambo. Anaona moshi tu. Kambi iko nyuma ya kichaka. Wilbroad amevuka, amerudi. Mama alimuuliza kuhusu mti.

"Upo mti mkavu, mama. Mkubwa. Lakini tumekaa hapo mchana, ni mkavu tu."

"Jioni ulikuwapo?"

"Jioni baba mdogo alinirudisha."

Nilivuka kichwakichwa mpaka nusu ya korongo, nikamwita baba mdogo, nikamwomba tena. Alikuja mpaka ukingoni kwake. Alikuwa amechoka, ana majivu kwenye ndevu.

"Levina, kaka aliniachia kambi hii kitandani akiwa anakata roho. Aliniambia, isikufie mkononi. Wewe unadhani nakatalia mama yako. Mimi naogopa kuwa yule ambaye nyuki walimhama."

 Mama aliliona hilo mwezi mzima uliopita. Mimi nilimwita roho ya jiwe.

26 Juni

Leo wamerina mzinga mkubwa wa baba, ulio juu ya mninga. Ndoo kwa ndoo. Emilian ametuletea sega lenye asali nyeupe, na hata Recheli asiyekula kitu bila kukiuliza maswali amelamba mpaka mkono. Kesho kutwa tunarudi. Mama hakula. Alisema ameshiba, akageukia ukuta wa turubai.

27 Juni

Nataka kuandika leo polepole nisiruke kitu.

Tulikuwa tumemaliza chai. Mama alirudi kujilaza, Julieth anamsuka Recheli kwenye mkeka nje, Wilbroad kavuka. Mara ng'ambo nikasikia makelele, sauti ya baba mdogo juu ya zote: "Wanahama! Wanahama!"  Nikajua ni mzinga gani kabla sijaambiwa.

Kisha mlio. Ule mngurumo tuliouzoea ulipanda, ukawa kama lori linalopanda mlima, ukazidi. Nikatazama juu. Juu ya korongo kilikuwa kinakuja kitu ambacho sina jina lake, moshi ulio hai, unajizungusha ndani kwa ndani huku unasonga mbele, na kivuli chake kinatambaa chini kwenye mchanga. Mustafa alikuwa chini ya kenta tayari, anasoma kila sura aliyofundishwa madrasa. Julieth, huyu niliyesema anajisikia, hakupiga kelele hata moja. Alimlaza mtoto, akamlalia juu, akajifunika kitenge yeye na mwanawe.

Walitupita. Walipita juu yetu nikasikia upepo wa mabawa yao usoni. Wakaingia kwenye turubai.

Nilikimbia mpaka mlangoni, nikashika nguzo. Ndani kulikuwa hakuna hewa, kulikuwa na nyuki. Walizunguka ndani ya ile satini nyeupe, kisha mmoja mmoja, kisha kwa maelfu, wakaanza kukusanyika juu, kwenye kikunjo cha ua la harusi. Wakashikana miguu. Wakaning'inia. Mara pakawa na kitu kimoja, kikubwa kama mtungi wa maji, cha rangi ya kahawia inayong'aa, kinapumua. Nimepamba harusi za watu wakubwa wa mji huu, nimetundika maua ya kutoka Arusha. Sijawahi kuona pambo kama lile. Nilikuwa nalia na sijui nalilia nini.

Na chini yake, kitandani, Mama kalala chali, macho wazi, anawatazama.

"Levina," akasema taratibu, "usije na makelele yako. Hawajaja kupigana. Wamekuja kukaa."

Emilian alifika anahema, Wilbroad na vijana nyuma yake. Alikuwa amejaa maneno, niliyaona mdomoni. "Nilisema mimi! Nili..." Akaingiza kichwa mlangoni, akayameza yote. Akavua kofia.

 Kisha akashika ukingo wa satini, akaunusa.

"Nani kapaka nta humu?"

Tulimtazama Mama sote.

"Ni ya mvua," akasema Mama.

"Mvua ya mwezi wa sita, shemeji?"

"Siku hizi hali ya hewa haieleweki."

Nilitegemea agombe. Baba mdogo alijikalisha chini mlangoni, akaanza kucheka, mabega yanatikisika, na alipoinua uso ulikuwa umelowa. "Nimepaka nta mizinga tangu sijaota ndevu," akasema. "Nawaita, nawaita, na mingi inakaa mitupu mpaka inaoza. Nyuki haitiki kwa mtu asiyemtaka." Kisha kwa sauti ya chini, kama anaungama, "Jana tuliwanyang'anya chakula chote. Hata kile cha kuwabakizia. Kaka angenichapa. Hawakumhama mwanamke, wamenihama mimi."

"Unawataka?" Mama akauliza.

"Ni wa kaka."

"Basi nitawarudisha mimi. Kwa kichwa changu."

 Vijana walimtazama mzee wao. Emilian aliigeuza kofia mkononi, akaigeuza tena.

"Jioni," akasema. "Wakishatulia wote ndani ya mzinga."

Alileta ule mzinga mpya aliokuwa anaushona siku nilipokwenda kuomba. Aliwapulizia moshi kidogo tu, akautegesha chini yao, akawashusha kwa kiganja kitupu, kama mtu anayekomba unga kwenye chombo. Walishuka. Alfajiri walikuwa wa mti wa mninga, mchana wa harusi, na sasa walikuwa wa Mama.

Jua lilipopungua nguvu akaziba mdomo wa mzinga kwa majani. Mama akasokota kitenge, akafanya ngata, akaiweka kichwani. Wilbroad alitaka kumsaidia kubeba, Mama akamwangalia tu. Walimtwika. Nilimwona akinyoosha shingo na mgongo, na mwendo ukabadilika. Kumbe mwili ulikuwa umeutunza huo mwendo tangu bibi wa mama yake. Emilian akamshika mkono, maana pembeni haoni, akamwongoza kushuka korongo na kupanda upande wa pili. Sisi tukafuata nyuma, hata Mustafa.

Kambini hakuna cha ajabu, ukitazama haraka. Vitanda vya miti, mafiga, magome yaliyotundikwa. Lakini nyuma yake mwamba mweupe umekaa kama tembo aliyelala, na juu yake, ndani ya kishimo, maji. Mama alitua mzinga chini ya mninga wa baba. Kisha akaniambia nimgeuze kichwa, kitu kimoja kimoja, maana duara lake ni dogo. Hiki ni kitanda chake, shemeji? Ndiyo. Hapa ndipo alipokaa? Hapa. Akaugusa mwamba, akachovya kidole majini.

"La pili si uongo."

Mti ulikuwa peke yake mbele ya mwamba. Mkubwa, mweupe, hauna gome wala jani. Umekufa kweli. Mama alikalishwa kwenye gogo, nikamwelekeza uso, nikausimamisha mti katikati ya duara lake.

"Nauona," akasema. "Mkavu."

Tukangoja. Jua likagusa miti ya mbali. Hakuna kitu. Niliomba, na mimi si mtu wa kuomba ovyo, nikasema Bwana, baba yangu asiwe mwongo, jioni ya leo tu. Wilbroad alitaka kusema neno, Emilian akamnyamazisha kwa kidole.

Kukaja sauti kama ya filimbi. Moja, laini. Kisha tawi la juu kabisa likaota jani.

Kisha lingine. Kisha tawi zima, kwa mkupuo, kijani kibichi. Walikuja kutoka pande zote, kimya, kwa makundi, ninga, njiwa wa kijani wa msituni, sijawahi kuwaona zaidi ya wawili maishani mwangu, na sasa walikuja mpaka mti ule uliokufa ukajaa kutoka ncha mpaka shina, na jua la mwisho likawapiga, na kila kifua kikang'aa, na mti ukasimama mbele yetu umefunga majani kama mwezi wa kumi na mbili baada ya mvua. Upepo ulipopita, majani yalijipanga upya.

Recheli alikuwa ameshika mkono wangu mpaka unauma.

"Wanalala hapo," Emilian alinong'ona. "Alfajiri wanaondoka. Tangu tukiwa watoto."

"Na hukuniambia miaka yote hii," akasema Mama.

"Hukuwahi kuniuliza mimi, shemeji. Ulimuuliza yeye."

 Machozi yalikuwa yanamtoka Mama na hakuyafuta, nadhani hakutaka mkono upite mbele ya macho hata mara moja. Alitazama mpaka rangi ikaisha na mti ukawa kivuli.

"Tobias," akasema. "Nisamehe, mume wangu."

28 Juni

Mzinga uko juu ya mninga. Asubuhi nyuki walikuwa wanaingia na kutoka na kazi zao. Baba mdogo kamwambia Mama msimu ujao aje tena, kitanda cha kaka kipo. Vijana wamesikia na hakuna aliyeguna. Mti umeamka mkavu, na Recheli kazunguka shina lote hakuona hata jani moja.

Jioni, nyumbani

Njiani Mama alikaa mbele, kati yangu na Mustafa, amefumba macho. Nilidhani amelala. Tulipofika kwenye mashamba ya tumbaku nikamfunika kanga, akasema hajalala.

"Macho yanakuuma?"

"Hapana. Najaribu." Akaivuta kanga mabegani. "Naangalia kama ile picha imeingia kichwani."

Mustafa alipunguza mwendo, sijui kwa nini, barabara ilikuwa nzuri.

"Imeingia, mama?"

Hakufumbua. Aligeuza uso taratibu, kushoto, kulia, kama nilivyokuwa namgeuza jana, kitu kimoja kimoja, mpaka akafika mbele, akasimama hapo.

"Bado una majani," akasema.